Redio inasema riba imeshuka, mwanangu anasema ninunue hisa: milioni 14 za kiwanja nizipeleke wapi?

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa Kibaigwa, nimekaa juu ya gunia na chaji imebaki kidogo, kwa hiyo nikiruka jambo unisamehe.

Nina miaka 41 na watoto watatu. Nanunua mahindi na alizeti kwa wakulima wa Kongwa na Kiteto, naweka stoo, nauza bei ikipanda. Shule niliishia darasa la saba, ila kwenye mzani hakuna wa kunidanganya. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Hela za nyumba napanga mimi, yeye akipiga simu anauliza tu zimebaki ngapi.

Mwaka 2017, watu walipokuwa wanagombania viwanja Dodoma kwa sababu serikali inahamia, na sisi tulijibana tukanunua kimoja Nala. Agosti hii tumekiuza. Baada ya kumtoa dalali na vikorokoro vingine zimebaki milioni 14, ziko benki. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Zamani sina kitu nilikuwa nalala fofofo.

Kila mtu ana lake. Redio ilitangaza mwezi wa saba kwamba Benki Kuu imeshusha riba kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Kwenye kikoba chetu mama mmoja akasema hiyo maana yake hela ya benki haina faida tena, tukazitoe. Mwingine akasema hapana, maana yake mikopo imekuwa rahisi, tukakope. Wakabishana mpaka kikao kikaisha, marejesho yenyewe hayakuhesabiwa.

Shemeji yangu wa Area C yeye ni mtu wa dola. Mwezi wa tano alinipigia akasema shilingi inakufa, nitunze hela kwa dola. Nikatoa za mahindi nikanunua dola 1,500, kila moja kwa Sh2,700. Wiki iliyopita nimepita kuulizia, wananiambia watanipa 2,450. Nikampigia shemeji, akasema nisubiri. Nikamuuliza mpaka lini, mtandao ukakata.

Sasa kuna huyu mwanangu wa kwanza, yuko UDOM mwaka wa pili. Alikuja likizo, akanifuata hadi stoo napepeta, ananionyesha simu: "Mama ona, hisa ya benki ya CRDB imevuka elfu moja, watu walinunua kwa mia moja na hamsini. Tungekuwa nazo sisi!" Ana ile programu ya kununulia hisa kwenye simu. Anataka nimpe milioni tano zote aweke humo kabla bei haijapanda zaidi. Kijana hana ulevi wala utapeli, namwamini, lakini macho yake yalivyokuwa yanawaka yalinitisha.

Na mwisho, dada mmoja tunayeimba naye kwaya ameniunga kwenye kundi la Telegram. Unaweka laki nne, unalipwa elfu thelathini kila siku, wanasema ni biashara ya fedha za kigeni. Yeye ameshalipwa mara tatu.

Shangazi, hizi habari zote zina maana gani kwa mtu kama mimi? Sipendi kubaki nyuma, lakini sitaki pia kiwanja changu kiyeyuke nikitazama. Nimesahau kusema: nyumba inataka bati kabla mvua hazijaanza, fundi amepiga hesabu milioni 2 na laki 3. Mdogo anaingia kidato cha kwanza Januari shule ya bweni, milioni 2 na laki 2. Na msimu ujao mwezi wa sita nataka kuongeza mtaji wa mahindi, kama milioni 4 hivi. Basi.

Mama Bahati, Kibaigwa, Septemba 2025

*

Marahaba Mama Bahati. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi.

Nianze na dada wa kwaya, maana hilo haliwezi kungoja. Laki nne kuzaa elfu thelathini kila siku ni asilimia saba na nusu kwa siku. Sasa chukua hatifungani ya serikali, yaani karatasi ya kuikopesha serikali hela, yenye riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Serikali, inayokusanya kodi kuanzia Mtwara mpaka Kagera, itakulipa hiyo hiyo saba na nusu baada ya miezi sita. Huyo kijana wa Telegram yeye anaipata kila siku kabla ya chai? Wewe umri wako unaikumbuka DECI, ule mchezo wa upatu. Mwaka 2009 watu walikuwa wanaambiwa "wapande mbegu", na walipanda kweli, hadi hela za ng'ombe, mpaka serikali ilipoingilia kati na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Waliotangulia kuvuna walivuna mbegu za waliofuata. Kwa hiyo kwamba mwenzako ameshalipwa mara tatu haliniambii kitu. Wa mwanzo lazima walipwe, la sivyo nani angekuunga wewe? Anayekusanya hela za umma kwenda kuziwekeza anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ile CMSA. Uliza kwenye hilo kundi namba ya leseni ni ipi, uhesabu dakika ngapi zitapita kabla hawajakutoa.

Haya, tuongee sasa.

Umeniandikia habari nyingi, halafu mwishoni, chaji inaisha, ukasema "nimesahau" ukataja bati, ada na mtaji wa mwezi wa sita. Mimi nilikuwa natafuta hayo tangu mstari wa kwanza. Hela zako nyingi zina tarehe, mwanangu. Milioni 2.3 zina tarehe ya Novemba. Milioni 2.2 zina tarehe ya Januari. Milioni 4 zina tarehe ya Juni. Ongeza milioni moja na nusu ya dharura, maana mume yuko barabarani na watoto wanaugua bila kupiga hodi. Hizo ni milioni 10. Zilizobaki ni 4, na hizo nne tu ndizo zina haja na redio, na shemeji na simu ya mwanao. Hela yenye tarehe haipandi soko la hisa, haiendi kwenye dola, wala haikopeshwi ndugu. Inakaa mahali inapoweza kutoka siku yake ikifika, ikiwa nzima.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliungua. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja, jina naliacha, iliuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza. Nilikuwa bado kazini. Ile foleni naiona mpaka leo: watu na bahasha zao za kaki, mzee mmoja wa Mpwapwa ana hela zimefungwa kwenye leso na fundo halifunguki, tunamcheka naye anacheka. Nikanunua kwa hela ambayo ndani ya moyo wangu nilijua ni ya chuo cha binti yangu, ila muda ulikuwa bado, nikasema itakuwa imeshaongezeka. Muda ulipofika hisa zilikuwa karibu nusu ya bei niliyonunulia, na kwa siku tatu hakukuwa na mnunuzi hata kwa hiyo nusu. Niliuza. Kampuni ile haikufa, ipo hadi leo. Kosa langu lilikuwa la tarehe.

Kwa hiyo turudi kwenye habari zako tukiwa na milioni 4 mkononi, siyo 14.

Riba ya Benki Kuu. Kuanzia Januari 2024 Benki Kuu inatangaza riba moja ya kuongozea soko. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili ile ile ikapanda hadi 6, ikakaa hapo zaidi ya mwaka, Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Hiyo ni bei ya kuongoza mabenki yanapoazimana hela kwa siku chache. Haimo kwenye kitabu chako cha benki, wala haimo kwenye mkopo wa kikoba. Mama wa kwanza amekosea na wa pili amekosea. Riba za mikopo ya benki zimezungukia asilimia 15 kwa muda mrefu na hazitatingishwa na robo moja. Na robo asilimia ya milioni 4 ni nini? Shilingi elfu kumi kwa mwaka mzima. Nauli yako ya kwenda mjini na kurudi. Usitoe hela benki kwa ajili ya nauli.

Ila kuna mahali riba kushuka kunakugusa, na wenzako hawakupataja. Ni kwenye hatifungani.

Hatifungani za serikali ni hivi: unaikopesha serikali, kuanzia milioni moja, kwa miaka uliyochagua, miwili hadi 25. Kila miezi sita inakuwekea riba kwenye akaunti, na mwisho wa muda inakurudishia mtaji. Riba yake haikatwi kodi ya zuio kwa hizi za miaka mingi, wakati riba ya akaunti ya muda maalumu ya benki inakatwa asilimia 10. Riba ya karatasi haibadiliki mpaka mwisho, hata dunia ipinduke. Watu wengi wanaishia hapo, wanadhani basi hakuna hatari.

Chukulia una karatasi ya milioni moja inayolipa asilimia 15, yaani laki moja na nusu kwa mwaka. Riba zikashuka, serikali ikatoa karatasi mpya zinazolipa 13. Mtu aliye na milioni yake leo atapenda ya kwako kuliko mpya, kwa hiyo atakubali kuinunua kwa zaidi ya milioni. Zikipanda, yanageuka: ya kwako inakuwa ya zamani yenye malipo madogo, na ukitaka kuiuza utapunguza bei. Ni kama mwenye fremu sokoni aliyeipangisha kwa mkataba mrefu wa kodi isiyobadilika. Kodi za jirani zikishuka, mkataba wake una thamani, zikipanda anautamani wa jirani.

Haya yameshatokea hapa hapa. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa inalipa asilimia 15.95. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.56. Baadaye ikapandishwa tena juu ya 15. Aliyenunua ile ya 12.56 hajaibiwa hata senti, serikali inamlipa kila miezi sita bila kukosa. Lakini akitaka kuiuza kabla ya wakati, riba za karatasi mpya zikiwa juu, ataiuza kwa hasara. Tena tarehe.

Sasa wewe una miaka 41. Mfanyabiashara wa mahindi hana pensheni; siku mgongo ukikataa gunia, ndiyo umestaafu. Mimi ningechukua milioni 2 kati ya hizo 4 nikanunua hatifungani ya miaka 20. Tuseme imetoka na asilimia 13: hizo ni laki moja na elfu thelathini kila baada ya miezi sita, mpaka ukiwa na miaka 61, halafu unarudishiwa milioni 2 zako. Milioni mbili za wakati huo hazitanunua bati la leo, hilo lijue mapema. Ndiyo maana nakwambia riba ikiingia usiile yote. Unanunua kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa mwenye leseni, watakufungulia akaunti ya dhamana, ile ya kutunzia hatifungani zako, nenda na kitambulisho cha NIDA. Mwambie karani unataka kununua kwa zabuni isiyo ya ushindani, ile ya wawekezaji wadogo, usije ukaanza kukisia bei na watu wa mabenki.

Hisa sasa. Mwanao hajadanganya. CRDB iliuza hisa kwa umma mwaka 2009 kwa Sh150, na mwaka huu imevuka 1,000. Lakini amekusimulia mwanzo wa hadithi na mwisho wake, katikati amekula. Katikati ni kwamba mwaka 2019, miaka kumi baada ya watu kununua, hisa ile ile ilikuwa inauzwa chini ya hiyo 150. Miaka kumi, Mama Bahati. Mtoto aliyezaliwa siku ya mauzo alikuwa darasa la tatu na mzazi wake yuko kwenye hasara kwenye karatasi. Wanaoonekana leo na faida ni wale waliosahau, au walioweza kutouza. Walioweka hela ya ada walishatoka zamani, hakuna anayewapiga picha.

Kuna hesabu nyingine ningependa uifanye naye, mkiwa mmekaa, siyo unapepeta. Kwa mwaka 2024 benki hiyo ilitoa gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, la Sh65 kwa kila hisa. Aliyenunua kwa 150 anapata 65 kwa kila 150 aliyotoa. Huyo anavuna kama shamba la bondeni. Anayenunua leo kwa 1,000 anapata 65 hizo hizo kwa kila 1,000, asilimia sita na nusu, na zikikatwa kodi ya gawio ya asilimia 5 inabaki kama sita na ushee. Hatifungani inampita. Maana yake anayenunua leo hanunui gawio, ananunua tumaini kwamba bei itaendelea kupanda. Huenda ikapanda. Benki inapata faida, sina ugomvi nayo. Lakini wewe unalijua hilo kuliko mimi: bei ya mahindi ikitangazwa redioni kwamba imepanda, lori la kwanza limeshapakia na kuondoka. Anayekimbilia sokoni baada ya taarifa ya habari ananunua kwa nani? Ananunua kwako wewe.

Hata hivyo usimkatishe kijana. Umesema hana ulevi. Wangapi wanatamani mtoto anayekuja likizo na hesabu badala ya madeni ya kubeti. Mpe laki tano, siyo milioni tano. Anunue kampuni mbili au tatu, siyo moja, na asinunue zote siku moja; agawe kwa miezi. Mwambie gawio likiingia akuonyeshe. Na sharti moja: kila kampuni anayotaka, akueleze kwa Kiswahili cha stoo inauza nini, inapata hela wapi, na ni nini kinaweza kuiharibia. Akishindwa kukueleza wewe, hajaelewa yeye.

Inabaki milioni moja na nusu. Hiyo peleka UTT AMIS, ile kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Umoja. Ofisi yao ipo Dodoma mjini. Wanakusanya hela za wengi wananunua hisa na hatifungani mchanganyiko, wewe unapewa vipande. Mfuko huo ulianza mwaka 2005, kipande kikiwa Sh70, na leo kimeshapita mara kumi ya hapo. Hakuna aliyekuahidi mara kumi nyingine. Ila unajinunulia kitu kilichosambaa, bila kumtegemea mwanao wala mkurugenzi wa kampuni moja.

Na zile zenye tarehe? Za bati ziache ulipoziweka, Novemba iko mlangoni. Za ada vile vile, au uzilipe mapema kama shule inapokea. Za Juni, milioni 4, pamoja na ile ya dharura, ningeziweka kwenye Mfuko wa Ukwasi wa hao hao UTT. Unaanza na laki moja, na ukizitaka unajaza fomu zinatoka ndani ya siku chache za kazi. Mfano tu, kama utapata asilimia 10 kwa mwaka, milioni 4 kwa miezi tisa ni laki tatu. Siyo utajiri. Ni magunia kadhaa ya mahindi ambayo hukuyabeba.

Dola zako zimebaki. Ulitoa 4,050,000, leo utapewa 3,675,000. Laki tatu na elfu sabini na tano zimekwenda, na najua zinauma kwa sababu ungezinunulia mahindi. Shemeji yako si mwongo, ni msikilizaji wa nusu ya taarifa. Mwezi wa tano dola kweli ilikuwa imeadimika. Huwa inaadimika mwanzoni mwa mwaka, kisha kuanzia katikati watalii wanakuja, tumbaku na korosho zinauzwa, na mwaka huu dhahabu nayo imepanda bei duniani. Dola zinaingia nchini na bei yake inalegea. Ni kama mahindi ya Kibaigwa tu. Ni sawa na kuyanunua Februari yakiwa ghali, ukataka kuyauza Julai. Na tangu Machi mwaka huu kanuni zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo hata fremu ya mjini huwezi kuilipia kwa dola hizo.

Swali ni moja: una deni la dola? Mtoto anasoma nje? Unaagiza mzigo China? Kama hapana, hizo noti zimekaa tu kwenye bahasha, hazizai hata shilingi. Ungeniuliza mimi, uza nusu sasa uongeze kwenye mtaji wa Juni, nusu ngoja nayo mpaka Februari au Machi, uuze kwa bei yoyote utakayoikuta. Usijiambie "ikirudi 2,700 ndipo naziuza". Soko halijui wewe ulinunua kwa ngapi.

Kuna jambo moja hukuuliza, nami nalitia kwa kuwa naona litakusaidia kuliko hayo yote. Umeandika kama mtu anayetaka kuanza kuwekeza. Mama Bahati, wewe ni mwekezaji mkubwa tangu zamani, ila vyote umeviweka kwenye kapu la mvua moja. Mahindi stoo, alizeti stoo, nyumba, wateja wako, hata kikoba chenu: vyote vinategemea mvua ya Kongwa na Kiteto. Mvua ikikataa, kikoba nacho hakirejeshi. Unakumbuka alizeti mwaka 2023, mafuta ya nje yalivyoingia kwa wingi bei ikaanguka mkabaki na magunia? Hakuna riba ya Benki Kuu iliyofanya vile. Ulikuwa ushuru wa mafuta ya kula. Kwa hiyo ukitaka taarifa ya soko la fedha inayokuhusu wewe, sikiliza hotuba ya bajeti mwezi wa sita wakifika kwenye ushuru wa mafuta, sikiliza NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, wanapotangaza kununua, sikiliza vibali vya kupeleka mahindi nje. Hilo ndilo soko lako la hisa. Na ndiyo sababu nimezipeleka zile 4 kwenye vitu ambavyo havijui kama Kibaigwa kumenyesha, badala ya kukwambia ununue kiwanja kingine Ihumwa. Kiwanja ni kizuri, lakini ulikaa nacho miaka minane na siku ya kukiuza ulimtegemea dalali.

Mume akipiga simu kuuliza zimebaki ngapi, safari hii mtajie na tarehe zake.

Na hilo bati, fundi amekupigia geji ngapi? Kama ni 30, mwambie apige tena hesabu ya 28, ambalo ni nene zaidi, hata kama itabidi utoe kidogo kwenye hizo dola. Upepo wa Kibaigwa unaujua.

Shangazi